Mwenye Kutumwa na Wenye Kumtuma

Liko neno moja tunalolisikia mara kwa mara, nasi hatuwezi tena kulinyamazia. Watu wakikaa jioni kuzungumza habari za vita, za hapa ao za mbali, hakosi mmoja wa kusema: «Mwenye bunduki ndiye ajuaye vita. Hao wenye kalamu, wanaoketi mezani, wana haki gani ya kumwamuru mtu anayekabili kifo?» Na wenzake huitika: ndiyo, ndiyo. Hata katika mkutano wa wakubwa wa vikundi vya parokia yetu tumelisikia neno hilo. Aliyelisema ni mtu mwema, baba wa watoto saba, wala hakuna aliyemjibu siku ile.

Tena alitupa mfano. Alikuwa amesoma habari za vita vya uhuru wa Marekani, akatutajia jemadari wa kwanza wa merikebu zao za vita, Esek Hopkins, aliyeachishwa kazi na baraza kuu la nchi yake katikati ya vita. «Tazameni,» akasema, «mwanamaji shujaa, na wanasiasa wakamtafuna.» Basi sisi twaupokea mfano wake mwenyewe, wala hatuhitaji mwingine. Tuufuate tangu mwanzo mpaka mwisho, maana yeye aliukata katikati.

Mwaka 1775 makoloni 13 ya Marekani yalianza kupigana na mfalme wa Uingereza. Mwingereza alikuwa na merikebu nyingi kuliko taifa lolote, wao hawakuwa na kitu. Tarehe 13 Oktoba mwaka ule baraza lao kuu, liitwalo Kongresi, lililokutana mjini Philadelphia, liliamua kutayarisha merikebu za vita. Na tarehe 22 Desemba likamweka Hopkins kuwa jemadari wa merikebu zote. Alikuwa mtu wa miaka 57, mzaliwa wa Rhode Island, aliyekwisha kuzeeka juu ya maji ya chumvi. Kazi ya bahari aliijua, hilo hatulikatai.

Lakini aliwekwaje? Hapa twataka kusema kweli hata ikituumiza sisi tunaotetea baraza. Kamati ya Kongresi iliyoshughulikia merikebu ilikuwa na watu saba, na mmoja wao alikuwa Stephen Hopkins, kaka yake mkubwa. Merikebu moja, Cabot, ikapewa John, mwana wa jemadari. Merikebu kubwa, Alfred, ikapewa Dudley Saltonstall, shemeji ya mjumbe mwingine wa kamati ileile. Nahodha wa Columbus, Abraham Whipple, alikuwa ameoa binti wa ukoo wa Hopkins. Ndiyo karamu ya jamaa! Kongresi ilipanda mbegu hiyo kwa mikono yake, na mavuno yake tutayaona sasa hivi. Mtu aliyepata cheo kwa mlango wa ndugu yake hukiona cheo kuwa kiti cha nyumbani kwao, na anayemwuliza habari za kazi humwona kuwa mgeni mwenye adabu mbaya.

Tarehe 5 Januari 1776 jemadari alipewa maagizo kwa maandishi. Aende kwanza Chesapeake, ghuba ya nchi ya Virginia, awapige maadui waliokuwa humo chini ya gavana wa mfalme, Lord Dunmore. Kisha ashuke kwenye pwani za Carolina. Kisha arudi kaskazini, Rhode Island. Maagizo yalikuwa wazi. Mwishoni paliongezwa neno moja la busara: upepo mbaya, dhoruba ao jambo lisilotazamiwa likimzuia, afuate njia ambayo akili yake itamwonyesha kuwa bora.

Twasimama hapa kidogo, maana sisi Waafrika hatuwezi kupita mahali hapa kama kwamba hatukuona kitu. Huyo Dunmore, mwezi wa Novemba 1775, alikuwa ametangaza kwamba watumwa wa mabwana waliomwasi mfalme, wakija kupigana upande wake, watakuwa huru. Alifanya hivyo kwa kutafuta askari, si kwa upendo. Lakini watu weusi kwa mamia walitoroka wakamwendea. Kwa hiyo mabwana wa Virginia walioomba merikebu za Kongresi walikuwa wakilinda uhuru wao na utumwa wa wengine kwa mzinga mmoja. Wanaosoma habari hizo na kuita upande mmoja malaika wote, wasome tena. Sisi hatutetei kila alilolitaka baraza lile. Twatetea jambo jingine: kwamba aliyetumwa anadaiwa hesabu na waliomtuma.

Hopkins alitweka matanga tarehe 17 Februari. Chesapeake hakuingia. Carolina hakufika. Alishika njia ya kusini moja kwa moja mpaka visiwa vya Bahamas, na tarehe 3 Machi askari wake wakashuka katika kisiwa cha New Providence, wakaiteka ngome moja, na kesho yake mji wa Nassau. Walikuwa wamesikia kwamba humo iko baruti nyingi, nayo baruti ndiyo iliyokosekana sana katika jeshi la Marekani. Walipata mizinga 88 na mizinga mifupi 15. Na baruti? Mapipa 24 tu. Usiku uliotangulia gavana wa kisiwa alikwisha kupakia sehemu kubwa ya baruti katika merikebu akaipeleka mbali, kwa sababu jemadari wetu mjuzi wa bahari hakuweka hata merikebu moja kulinda mdomo wa bandari. Mvuvi wa Tanganyika anayetega wavu na kuacha upande mmoja wazi, wenzake watamcheka mwaka mzima.

Waliporudi, usiku wa tarehe 6 Aprili, walikutana na merikebu moja ya Mwingereza, Glasgow, yenye mizinga 20. Wao walikuwa kundi, ile ilikuwa peke yake. Walipigana masaa mengi. Watu 10 wa Hopkins walikufa na 14 wakajeruhiwa, mwanawe John mmoja wao. Na Glasgow ikaponyoka ikaenda zake. Kisha jemadari akaingia bandari ya New London, akaanza kugawa mizinga aliyoiteka kwa makoloni ya karibu, kabla ya kuiuliza Kongresi inaitaka wapi.

Sasa tusikilize wanaomtetea, maana wana maneno, na mengine ni ya kweli. Wasema: neno la busara katika maagizo lilimpa ruhusa. Wasema: dhoruba ilivuma, na merikebu nne zilikuwa na wagonjwa wengi wa ndui. Wasema: mizinga 88 si kitu kidogo kwa nchi isiyo na mizinga.

Ndui ilikuwako kweli, na upepo ulivuma kweli. Lakini iko karatasi moja inayotusumbua. Katika maagizo ambayo Hopkins mwenyewe aliwapa manahodha wake walipokuwa wakiondoka, alikwisha kuandika kwamba merikebu itakayopotezana na wenzake iende Abaco, katika visiwa vya Bahamas, ingoje huko. Dhoruba ilikuwa haijavuma bado. Mtu akikuambia «Mvua ilinizuia kwenda shambani», nawe umeikuta jana yake barua yake ya kumwahidi rafiki wa mji mwingine kwamba atamtembelea leo, utaisifu mvua? Ruhusa ya kutumia akili njia ikizibika, si ruhusa ya kuchagua njia nyingine kabla ya kuitazama ya kwanza. Na hata kama uamuzi wake ulikuwa mzuri kwa vita, haukuwa wake yeye. Watu wa Virginia na Carolina walingoja merikebu walizokuwa wameahidiwa, na wajumbe wao katika Kongresi waliona wamedanganywa.

Kongresi ilimwita Philadelphia. Mwezi wa Agosti 1776 ilimsikiliza, kisha tarehe 16 ikamkemea kwa azimio: hakuyashika maagizo. Haikumfunga, haikumnyang'anya cheo. John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili wa nchi ile, alimtetea sana, akaona kwamba wajumbe wa kusini walikuwa wakilipiza kisasi juu ya watu wa kaskazini. Pengine Adams aliona sawa. Mabaraza ya watu yana wivu wa makabila, hilo hatuhitaji kufundishwa na Wamarekani. Lakini angalieni: mtu alisomewa mashitaki yake, akajibu, rafiki yake akasimama kumsemea, kura zikahesabiwa. Kama huko ndiko kutafunwa na wanasiasa, wako watu wengi duniani ambao wangetamani kutafunwa hivyo.

Baada ya hapo kazi ilizidi kuharibika, wala si kwa kosa la Hopkins peke yake. Mabaharia walizikimbia merikebu za Kongresi wakaandikwa katika merikebu za wafanyabiashara, zilizokuwa na ruhusa ya kuteka mali ya adui na kugawana faida. Huko palikuwa na fedha, huku palikuwa na ahadi. Mwezi wa Desemba 1776 Waingereza wakauteka mji wa Newport, wakaziba njia ya bahari, na merikebu za Hopkins zikakaa ndani ya ghuba karibu na Providence kama kuku chini ya tenga. Mwanzo wa 1777 frigati ya Kiingereza, Diamond, ilikwama mchangani karibu nao. Ilikuwa nafasi ya pekee. Maji yakajaa, ikaelea, ikaenda.

Ndipo yanatokea yale ambayo baba wa watoto saba hakutuambia.

Mwezi wa Februari 1777, ndani ya Warren, frigati aliyokaa jemadari mwenyewe, watu kumi waliandika barua ya malalamiko kwa Kongresi. Hawakuwa wanasiasa. Hawakuwa watu wa meza. Walikuwa maofisa na watu wa merikebu ileile, wanaokula chakula kilekile na kulala juu ya mbao zilezile; mmoja alikuwa mchungaji wao. Waliandika kwamba jemadari anawatendea wafungwa wa Kiingereza kwa ukatili. Kwamba wanamaji hawataki kuandikwa kwa sababu yake. Kwamba Diamond ilipokwama hakufanya iliyompasa. Tena kwamba aliwatukana wajumbe wa Kongresi mbele ya watu, akiwaita wajinga, wanasheria na makarani wasiojua kutawala watu. Kila mmoja aliweka jina lake. John Grannis, kapiteni wa askari wa merikebu, aliichukua barua akasafiri nayo mpaka Philadelphia, akaulizwa maswali na kamati, akajibu. Tarehe 26 Machi 1777 Kongresi ilimsimamisha Hopkins kazi.

Mwatambua maneno yale ya jemadari? Wanasheria na makarani wasiojua kutawala watu! Ndiyo maneno tuliyoyasikia parokiani, yamevaa nguo mpya tu. Na waliokataa kuyavumilia walikuwa nani? Watu wa bahari. Twaambiwa kila siku kwamba wenye silaha wote wana moyo mmoja, na raia mwingine. Si kweli. Katika kila kambi wako walio wadogo, na hao wakidhulumiwa na mkubwa wao hawana pa kukimbilia ila kwa yule aliye juu ya mkubwa. Ondoa baraza la raia, nawe umemwondolea askari mdogo mlango wake wa pekee.

Mtu atatuuliza: na utii je? Sisi tuliofundishwa utii tangu seminari, twawasifu wanaomshitaki mkubwa wao kwa siri? Twajibu: tazameni walivyofanya. Hawakumgeuzia jemadari bunduki. Hawakutoroka kwenda kwenye merikebu za faida, ingawa mlango ulikuwa wazi na mifuko yao mitupu. Hawakuandika barua isiyo na jina na kuitupa usiku, kama ilivyo desturi mbaya ya mahali pengi. Waliandika wakatia majina, wakapeleka kwa mwenye haki ya kusikia, wakangoja. Kama utii haukubali hata hayo, basi huo ni woga tu umevikwa kanzu.

Wanaodhani kwamba pasipo mlango huo kutakuwa na amani, waitazame Ufaransa miaka michache baadaye. Mjini Toulon, bandari kubwa ya vita, mkubwa wa merikebu Albert de Rioms aligombana na wakubwa wa mji juu ya wafanyakazi wa bandari. Tarehe 1 Desemba 1789 watu wa mji waliivamia nyumba yake, wakamtia gerezani. Bunge la taifa lilijadili habari hiyo, lisihukumu upande wowote, kwa hofu ya kukasirisha huyu ao yule. Basi kila upande ukajifunza kwamba sheria haipo. Maofisa wengi wakahama nchi. Mwezi wa Agosti 1793, mji wenyewe ulipoiasi serkali ya Paris, bandari ile na merikebu zake zikatiwa mikononi mwa admirali wa Kiingereza, Hood, na admirali Mfaransa Trogoff akawa upande wa waliozitoa. Mwezi wa Desemba Waingereza walipofukuzwa, walichoma moto merikebu walizoweza. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba Kongresi ilipoteza wakati wake kwa karatasi na kura.

Turudi kwa Hopkins, tuliguse shtaka la ukatili. Watetezi wake wasema lilitungwa na watu wenye chuki. Sisi hatukuwako ndani ya Warren. Lakini twajua alivyokuwa nahodha wa merikebu nyingine, Sally, aliyoiongoza kwa wafanyabiashara wa Providence tangu Septemba 1764 mpaka mwisho wa 1765. Ilikwenda pwani ya magharibi ya Afrika kununua watu. Alinunua 196. Kitabu cha hesabu cha safari ile kingaliko. Kila aliyekufa aliandikwa humo kama mtu anavyoandika kuku aliyeibwa. Mwezi wa Agosti 1765 watu wale waliinuka kujikomboa. Mabaharia wakapiga bunduki, wanane wakafa. Wengine walikufa kwa ugonjwa, wengine kwa njaa, wengine walijitupa majini. Jumla ya waliokufa si chini ya 109.

Mtu huyo, miaka kumi baadaye, ndiye baraza lilimpa merikebu zote za nchi. Hakuna mjumbe aliyesimama kusema: huyu, tuulize kwanza habari za Sally. Hilo nalo twaliweka juu ya kichwa cha Kongresi, ni zito kuliko habari ya mashemeji. Wale 109 hawakuwa na karatasi, hawakuwa na Grannis wa kuwachukulia barua, wala hapakuwa na baraza lolote chini ya mbingu ambalo lingeisoma. Twaomba mkumbuke jambo hilo mtakaposikia tena kwamba nahodha akiwa baharini yampasa aachwe afanye apendavyo.

Tarehe 2 Januari 1778 Kongresi ilimwondoa Hopkins kabisa. Naye akageuka akawashitaki wale kumi kwa kumchafulia jina, akidai paundi 10,000. Wawili walipatikana Rhode Island, kwao kwa jemadari, ambako jamaa zake walikuwa na nguvu: Richard Marven, luteni wa tatu wa Warren, na Samuel Shaw, kijana aliyekuwa bado akijifunza uofisa. Wakakamatwa wakatiwa gerezani. Fikirini hali yao. Walikuwa wamesema neno lao, jemadari amekwisha kuondolewa, kazi ya barua imekwisha. Wajumbe wa Philadelphia wangaliweza kuwasahau, maana vita ilikuwa ikiendelea na fedha ilikuwa imekwisha. Wawili wale wakaandika tena, sasa kutoka gerezani, wakiomba msaada.

Kongresi haikuwasahau. Tarehe 30 Julai 1778 ilipitisha azimio kwamba ni wajibu wa kila mtu aliye katika utumishi wa nchi, na wa wenyeji wengine wote vilevile, kuipasha habari Kongresi ao wakubwa wengine wanaohusika, mapema iwezekanavyo, juu ya makosa, udanganyifu ao uovu wa ofisa yeyote. Kumbe lile ambalo Hopkins aliliita matusi, baraza lililiita wajibu. Ikaagiza pia kwamba Marven na Shaw wapewe karatasi zote za mashitaki walizozihitaji kwa kujitetea, hata zile ambazo ziliaibisha serkali yenyewe, na gharama ya kesi yao ilipwe na nchi. Wazee wa hukumu waliposikia ushuhuda, waliwaachilia. Mwaka 1779 Kongresi ikalipa: dola 1,418, katika siku ambazo askari wake wengi walikuwa wakidai mishahara.

Hopkins alirudi kwake. Watu wa Rhode Island waliendelea kumchagua katika baraza la nchi yao miaka kadhaa, akaketi mezani pamoja na wanasheria na makarani, akafa mzee mwaka 1802.

Ndugu yetu, baba wa watoto saba, huusoma ukurasa huu kila unapotoka, nasi twafurahi. Akitukuta tena mlangoni pa kanisa, atutajie basi mtu mmoja tu aliyetafunwa katika habari hiyo: ni jemadari, ao ni Marven na Shaw? Na kama kesho mwanawe akiwa askari mdogo chini ya mkubwa wa namna ile, angependa aandike barua yake kwa nani?